Hesabu ya Kukutana Matulo

Bungoma,
Jumatano jioni.

Mama mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi kutoka nyumbani. Natumai joto la Lodwar halijakuchosha sana, na kwamba ile homa uliyoitaja imepoa. Sisi huku tu wazima. Hata Kukhu ameanza kula vizuri, ingawa analalamika kwamba ugali wangu ni laini kama uji.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu nashindwa. Jumapili uliponiuliza ilikuwaje Baba akakutana ana kwa ana na Kukhu, mama yako, barabarani, nilijibu tu kwamba sijui, kisha nikampa simu mjomba Hillary. Unanijua, Mama. Maneno yangu huishia kooni.

Nilipomaliza mtihani wa kidato cha nne nilienda Kitale kukaa na Kukhu kama ulivyoniagiza. Nilikuta kidonda cha mguu kimekuwa kibaya kuliko alivyokuwa akikuambia. Daktari alisema wazi kwamba kwa mtu mwenye sukari kidonda kama hicho lazima kisafishwe kila siku, la sivyo mguu utakatwa. Kutoka shambani kwake hadi hospitali ni mbali, na mvua ikinyesha hata pikipiki haifiki. Hapa kwetu Bungoma zahanati iko ng'ambo ya barabara. Lakini Kukhu alikataa kabisa. Alisema mama mkwe halali chini ya paa la mkwe wake, na kwamba ni heri azikwe na mguu mmoja kuliko na aibu.

Baba alinituma nimwambie kwamba atahama, alale kwa baba mdogo Sifuna mpaka kidonda kipone. Ujumbe niliufikisha, tena zaidi ya mara moja, lakini niliusema kwa sauti yangu hii, macho chini. Kukhu alicheka akasema hayo ni maneno ya mtoto mwenye huruma, mkwe wake hajasema kitu. Angesema vipi, Mama, na hao wawili hawajazungumza tangu uolewe?

Unakumbuka kazi yangu katika jambo hili la kuwaepusha wasikutane. Tangu mwalimu Kimaiyo atufundishe hesabu za mwendo, mimi ndiye huulizwa na pande zote mbili kabla ya safari. Wanaoelekeana, jumlisha kasi zao. Wanaofuatana, toa ndogo kwenye kubwa. Kisha gawanya umbali kwa jibu lako. Wewe mwenyewe ulicheka ukasema ati mwalimu hakujua anafundisha heshima ya wakwe. Nikipata jibu nampigia Baba, asubiri kwenye kibanda cha chai mpaka pikapu ya mjomba ipite. Hawakuwahi kukutana.

Basi Alhamisi ile mjomba Hillary alikuwa anampeleka Kukhu Mabanga kumwona dada yake, nami nikapanda nyuma ya pikapu. Tuliondoka Kitale saa mbili asubuhi. Baba naye alikuwa na safari ya kuja Kitale kuulizia mbegu za viazi, atoke Bungoma saa tatu kwa pikipiki. Tulipopita Webuye tukakaribia Matulo, nilimgongea mjomba asimame Kukhu anyooshe mguu. Tulimkalisha kwenye kigoda kando ya lami. Hata hakuwa amekaa vizuri, Baba akatokea.

Hapakuwa na pa kujificha. Mahindi yalikuwa yamevunwa, mabua yamekatwa, shamba liko tupu mpaka mtoni. Baba alifunga breki, akatugeuzia mgongo, akavuta koti hadi kichwani. Kukhu alijifunika leso uso mzima. Akina mama waliokuwa wakiuza ndizi walipiga kelele, mmoja akamwuliza Baba kama ameona simba ama polisi, mwingine akamwambia aingie mfukoni mwa koti lake, si mahindi yameisha bana.

Nilidhani atawasha pikipiki aende zake. Lakini alikohoa, na huku akiutazama usukani akasema nimwambie mama mkwe kwamba nyumba ni yake, yeye atalala kwa Sifuna, na nimwambie amesema mwenyewe. Nilifungua mdomo, sauti ikakataa. Haikuhitajika. Kukhu, chini ya leso, akasema nimwambie huyo mtu kwamba yeye hali kuku wa gredi. Baba akauambia usukani kwamba kuku ni wa kienyeji. Mjomba Hillary alijifanya anakagua tairi. Siku ile Kukhu hakurudi Kitale.

Sasa wazee wamemwambia Baba alete kondoo wa kuomba radhi, kikao ni Jumamosi, nawe umemwambia ameaibisha watu wako kwa kukimbiza pikipiki. Yeye anajibu tu kwamba kweli alikosa.

Mama, Baba hakukimbiza pikipiki. Hesabu yangu pia haikukosea. Kilomita themanini hivi, pikapu arobaini kwa saa, Baba arobaini. Mwanzo nilisahau kwamba sisi tungekuwa tumetangulia saa nzima. Nikafuta, nikaisogeza pikapu kwanza kama mwalimu Kimaiyo alivyotuonya, ndipo nikajumlisha. Jibu likawa Matulo. Asubuhi ile Baba aliponipigia kuuliza mama mkwe yuko wapi, nilimjibu kwamba bado yuko nyumbani. Wakati huo tulikuwa tunapita Misikhu.

Nilitaka Kukhu amsikie kwa masikio yake mwenyewe. Nilifikiri Baba ataingia kwenye mahindi aseme kutoka humo, heshima ibaki. Mahindi ya Kitale yalikuwa bado yamesimama. Sikukumbuka kwamba ya Matulo huvunwa mapema.

Baba anajua nilimdanganya. Hajaniuliza, wala hajamwambia mtu. Hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Tafadhali mpigie kabla ya Jumamosi. Kama kuna wa kukasirikiwa, anza na mimi. Wazee wakiniita nitajaribu kusema, na nikishindwa nitawapa karatasi.

Jana muuguzi alisema nyama ya kidonda imeanza kuwa nyekundu safi, lakini tusishangilie bado. Kila jioni Baba hupita nyuma ya jikoni akielekea kwa Sifuna. Hasimami, anakohoa tu. Kukhu naye anakohoa. Mimi naendelea kusonga ugali.

Kukhu anakusalimu, anasema usiache kunywa maji. Mungu akutunze huko kwenye jua.

Ni mimi bintiyo akupendaye,
Nasimiyu