Kaburi la Mama Halina Jina

Gazi, Ijumaa, Machi 1964

Kile kijiji cha Uingereza nilichoishi miaka thelathini bado ninacho kichwani: kanisa la mawe, daraja, kinu cha maji, na makaburi yaliyochongwa majina ya watu wa karne zilizopita.

Leo nilikwenda kumsomea mama Fatiha. Makaburi yetu ni vijiwe viwili tu, jina hakuna. Nilisimama katikati, sijui nielekee wapi.

Dada yangu Mwanasha akanitazama. “Kaka, Wazungu wote unajua walipolala. Mama je?”

Akanishika mkono hadi penye mrehani alioupanda mwenyewe.

Mwanasha anakohoa tangu Ramadhani. Akitangulia yeye, hakuna mwingine ajuaye. Kesho nitarudi peke yangu, nione kama nitalifikia.