Meno ya Kabula

Jumanne, 3 Juni

Sijaandika humu tangu kabla ya Pasaka. Sikuumwa wala sikusafiri. Nilichoka tu kuandika kwamba hakuna jipya. Naomba radhi, ingawa anayeomba na anayeombwa ni mtu mmoja.

Asubuhi kama zote. Kutembea hadi relini na kurudi. Chai na viazi vitamu. Nilikuwa nachambua mchele, maana macho ya mke wangu hayaoni tena mawe, Kabula alipoingia na begi bila taarifa. Ni binti yetu wa mwisho. Ana umri wa miaka thelathini na sita na mtoto mmoja, Neema, aliye shule ya bweni. Anauza chakula Geita, karibu na machimbo.

Baada ya kula alisema anafikiria kubandika meno. Meno yake ya mbele ni ya kahawia, yana mabaka na vishimo. Yaliota hivyo. Kuna daktari Mwanza ambaye husaga uso wa jino na kubandika juu yake gamba jeupe la kauri, jembamba kama ukucha. Meno manane. Yana jina la Kiingereza. Mimi nayaita magamba. Kabula akacheka, kiganja mdomoni.

Nilisema ni upuuzi kusaga jino zima linalotafuna.

"Sijasema nitafanya, baba. Nimekuja kukuuliza."

Sikumwuliza kwa nini mimi.

Jumatano, 4 Juni

Nilikuwa barazani. Wao jikoni. Kabula alikuwa akimweleza mama yake jinsi wachimbaji wanavyomtania wakingoja ugali.

"Mama Neema, hayo siyo meno, hayo ni mawe ya dhahabu! Tuyapeleke karasha!"

Karasha ni mashine ya kusagia mawe. Mwenzake naye: "Yaache kwanza, shimo bado bichi, dhahabu haijakomaa."

Mke wangu alicheka sana, kisha akauliza:

"Na wewe unawajibu nini?"

"Nacheka nao, mama. Nikinuna watakwenda kula kwa jirani."

Ijumaa, 6 Juni

Mwanza, mimi na Kabula. Basi la asubuhi.

Daktari ni mwanamke kijana, mpole. Alimulika kinywa cha Kabula, kisha akanigeukia mimi. "Huu siyo uchafu, mzee. Ni maji." Maji ya visima vingine yana madini ya floridi kupita kiasi. Mtoto akiyanywa wakati meno yake ya ukubwani bado yanajijenga ndani ya ufizi, jino hutoka likiwa limekwisha kuharibika. Mswaki hauwezi kitu.

Akaniuliza nilikulia wapi. Sengerema, kando ya ziwa. "Ndiyo maana yako ni meupe. Wewe ulihamia kwenye maji ya visima ukiwa mtu mzima."

Alisema mengine pia. Jino likisagwa halirudi. Magamba hubadilishwa kila baada ya miaka kadhaa, maisha yote. Kupausha kwa dawa kutapunguza rangi kidogo, lakini mabaka na vishimo vitabaki. Kuyaacha kama yalivyo nako si kosa. Akampa miadi ya Jumatatu tarehe 16, saa tatu asubuhi, na kumwambia anaweza kuifuta.

Njiani nilitazama dirishani hadi nyumbani. Kabula alidhani nimechoka.

Jumamosi, 7 Juni

Niandike jambo ambalo sijapata kuliandika.

Nilikuwa mwalimu mkuu kwa miaka kumi na tisa katika kijiji kimoja mbele ya Samuye. Mwaka wangu wa kwanza nilisimamia uchimbaji wa kisima cha shule. Wazazi walichimba kwa zamu. Kabla ya hapo watoto walikunywa maji ya lambo pamoja na ng'ombe, na tulizika watoto kila masika. Baada ya kisima hatukuzika. Nilijivunia kisima kile kuliko vyeti vyangu vyote.

Kila Jumatatu palikuwa na ukaguzi wa usafi mstarini. Kucha, nywele, kola, meno. Meno ya kahawia, fimbo mbili. Watoto walikwenda kusugua kwa mkaa, kwa majivu, kwa mchanga. Wengine walirudi ufizi ukitoka damu. Niliwaambia wenzao hiyo ndiyo juhudi. Jumatatu iliyofuata meno yaleyale. Fimbo zilezile.

Kabula alikulia katika nyumba ya mwalimu, akinywa maji yale. Sikutaka kusemwa kwamba napendelea. Nilimchapa mbele ya shule nzima, kuanzia darasa la tatu.

Mama yake aliniambia: "Baba Kabula, mtoto amepiga mswaki. Nimemwona kwa macho yangu."

Nilimjibu kuwa anamdekeza.

Leo hajanikumbusha. Nilipomweleza maneno ya daktari alitikisa kichwa, akaniletea maji ya kunawa. Ingekuwa nafuu angenikumbusha.

Jumapili, 8 Juni

Nje ya kanisa nilikutana na Masanja. Nilimfundisha kule kijijini. Sasa anaendesha bajaji, ana ndevu zenye mvi. "Shikamoo, mwalimu." Kiganja mdomoni.

Wanafunzi wangu wa kijiji kile wote hunisalimu hivyo. Hata walio na wajukuu. Miaka yote nimewasifu kwa watu kwamba hao wana adabu.

Niliitikia marahaba. Nikaondoka upesi.

Jumanne, 10 Juni

Nilimwambia Kabula kwamba nilikosea. Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu alfajiri. Alikuwa akisugua sufuria. Aliacha, akasikiliza hadi mwisho.

"Nilijua, baba. Nilisoma kwenye simu nikiwa na mimba ya Neema."

Nikakumbuka madumu ya maji ya mtoto aliyokuwa akibeba kutoka kwake kila alipotuletea mjukuu, tulipokuwa bado kijijini. Nilimwita mringaji mbele ya wageni.

Nikamwuliza kwa nini hakuniambia.

"Ungesema nabishana na mwalimu."

Akacheka. Mimi sikuweza. Akarudia sufuria yake.

Jumatano, 11 Juni

Nilimpigia simu mwenyekiti wa kijiji. Kisima bado kinatumika. Nikamweleza habari ya floridi. Alisikiliza kwa heshima, maana nilimfundisha yeye pia. Kisha akauliza: "Sasa mwalimu, watu wanywe nini?"

Nilisema nitaandika barua wilayani. Akasema, "Andika tu, mwalimu," kwa sauti ya mtu anayemtuliza mgonjwa.

Nimeandika barua. Ukurasa mmoja na nusu.

Alhamisi, 12 Juni

Kabula na mama yake walikwenda Mwanza. Daktari alimbandikia meno ya majaribio, ya plastiki, bila kusaga kitu, akae nayo hadi jioni ajione.

Walirudi saa kumi na mbili. Yalikuwa meupe, yamepangana vizuri, hayakupita kiasi. Nilikuwa nimejiandaa kuyachukia. Sikuyachukia.

Wakati wa chakula mama yake alimwambia, "Tafuna taratibu, ukimeza moja utalingoja hadi kesho." Kabula akacheka mdomo wazi, mikono yote miwili mezani. Kicheko kirefu, kinapanda, kinaishia kwa mkwaruzo. Ni kicheko cha marehemu dada yangu. Sikujua kwamba Kabula anacho. Nimeishi na mtoto huyu na sikujua anavyocheka.

Baada ya kula aliyabandua mbele ya kioo kama alivyoelekezwa. Nilitoka nje.

Jumamosi, 14 Juni

Hili ndilo nililoliogopa.

Kabula alikuja barazani, akaketi kwenye kigoda, chini yangu, kama alivyoketi alipokuwa mdogo. Nayaandika maneno yake kama alivyoyasema, nisije nikayapamba baadaye.

"Baba, wewe ndiye uliyeniambia ni machafu. Daktari kasema si machafu, nimemsikia. Mama kasema, nimemsikia. Nataka unitazame halafu uniambie wewe."

Akafunua meno. Yote. Nilitazama. Kahawia iliyokolea karibu na ufizi, mistari myeupe kama chaki, jino moja la juu limemeguka pembeni. Nilikuwa sijayatazama tangu siku za mstarini, na siku zile sikuwa nikitazama. Nilikuwa nikikagua.

Nikasema, "Si machafu. Hayajapata kuwa machafu."

Machozi yalimtoka. Mimi pia, kidogo. Nilidhani tumemaliza.

"Basi niyaache?"



Nikisema ayaache, namrudisha kwa wachimbaji, kiganja mdomoni, kwa sababu mimi nataka kuamini kwamba neno langu limemponya. Nikisema abandike, nasema tena kwamba hayafai, na safari hii yatasagwa, hayatarudi. Nikisema aamue mwenyewe, namwacha peke yake na jambo nililolianzisha mimi. Miaka arobaini nimewaambia watu wazima na watoto la kufanya. Leo nimeombwa na sina neno.

Alingoja kitambo. Kisha akasema, "Ukisema nisifanye, sifanyi. Ukisema nifanye, nafanya. Ila sema."

Akaenda kumsaidia mama yake kufungia kuku.

Jumapili, 15 Juni

Kabula ameondoka kwa basi la saa saba. Atalala Mwanza kwa shangazi wa baba yake Neema, karibu na kliniki.

Nilimsindikiza hadi kituoni, nikimbebea begi. Hakuniuliza tena. Mimi sikusema. Tulizungumza juu ya bei ya pamba na mitihani ya Neema. Alipopanda nilimwambia safari njema. Akasema asante, baba, akafungua dirisha, akanyoosha mkono. Nikaushika hadi basi lilipoanza kutembea.

Mke wangu amelala mchana huu, jambo ambalo si kawaida yake. Nyumba imetulia. Upepo wa kiangazi unapeperusha vumbi uani, na nguo za Kabula alizofua jana bado ziko kambani. Amezisahau, au ameziacha ili arudi kwetu kwanza kabla ya Geita. Sijui.

Kliniki inafunguliwa kesho saa tatu. Hadi saa hiyo naweza kupiga simu. Nimejaribu maneno mawili matatu kwa sauti ndogo. Yote yalisikika kama amri.

Kesho, jambo likiisha kuamuliwa, nitaandika hapa limekuwaje, na jina la aliyeamua.