Sauti Waliyomwondolea Tereza

Jumatano, 31 Mei

Asubuhi nzima niko saloni, ninasuka nywele za mteja wangu Nanjira. Anataka nyembamba, kisha analalamika kwamba ninavuta. Nilikuwa nimefika nusu ya kichwa, telefone ikaanza kulia bila kunyamaza. Grupe yetu ya telefone, ya wapenzi wa vichekesho vya Baba Homa. Televizyo ya hapa imetangaza: vichekesho vyake vyote vitatoka kwenye kle, kile kijiti cha kuchomeka kwenye kompyuta, kila mtu anunue aangalie kwake.

Nilipiga kelele. Nanjira akaruka, msuko ukaniponyoka.

Tumeomba miaka na miaka. Tangu walipoacha kumwonyesha tumebaki na vipande vya telefone, picha kama zimepigwa chini ya maji, sauti haisikiki. Na kaseti zote zimelala kabatini kwao kwenye televizyo. Baba Homa, mwanaume anayeshikwa na homa kila kazi inapotokea. Tereza, mke wake, anayemfichua. Utotoni kwetu hatukuwa na televizyo. Nilikuwa ninasimama dirishani kwa jirani, mvua inaninyeshea, ninacheka.

Jumapili, 4 Juni

Baada ya misa nilipanda pikipiki mpaka Makobola, kwa Mama Nabindu. Ndiye aliyecheza Tereza. Macho yamekufa kabisa sasa. Anakaa na binti yake, Riziki, anamenya muhogo kwa kupapasa na hajikati.

Nilimwambia habari. Akaacha kisu.

"Na sauti ya Byaombe itakuwa mule?"

Byaombe ndiye aliyekuwa Baba Homa. Tulimzika zamani. Nikamwambia, itakuwa mule, Mama, yake na yako. Nitakuletea minye mwenyewe.

Aliimba njia yote akinisindikiza.

Alhamisi, 8 Juni

Ilikuwa itoke leo. Haikutoka. Wanasema "wanasafisha". Wasafishe nini?

Jumatano, 14 Juni

Nimeipata kle. Ningependa kuitupa ziwani.

Saloni ilijaa, hata waliokuja bila nywele za kusuka. Tulichagua kile kichekesho cha kuku. Baba Homa yuko chini ya blanketi, siku ya kuvuna mihogo, anasema anakufa. Tereza hambembelezi. Anawaita majirani waje kumlilia, anachinja kuku wao wa pekee, anaanza kugawa mapaja kwa sauti kubwa ili yule mgonjwa asikie. Kila mtu hapa anajua anachosema: "Weye kufa tu! Kuku iko inaiva!"

Midomo ya Mama Nabindu kwenye picha ikafunguka. Ikatoka sauti ya msichana fulani, laini, kama anayetangaza habari:

"Fariki tu, mume wangu. Kuku anakaribia kuiva."

Hakuna aliyecheka. Nanjira akauliza kama kle imeharibika. Tukafungua nyingine, na nyingine. Zote hivyo. Baba Homa naye amepewa sauti ya kijana. Wamewaondolea sauti. Wote! Wamewawekea watu wasiowajua, wanaosema Kiswahili cha kitabu.

Alhamisi, 15 Juni

Nilifunga saloni, nikaenda kwa direkta wa televizyo. Aliniacha nikae kwenye benchi muda mrefu wakati ninamsikia anacheka ndani.

"Mama, Kiswahili chenu hakivuki mpaka," akaniambia. "Tunataka kuuza mpaka Tanzania. Kule watasikia nini na hii minye-weye yenu?"

Yenu! Yeye amezaliwa Mulongwe, mtaa wa mji huu huu. Mama yake anauza ndagala, dagaa wa ziwa letu, hapa hapa, na anasema minye, hasemi mimi.

Nikamwambia basi auze hiyo kule, sisi atupe ile ya kwetu. Akaangalia meza. Kaseti ziliota ukungu, akasema. Walipomaliza kuchukua picha, walizitupa. Sauti za zamani hawakuzihifadhi, hakuna aliyefikiri kama zitahitajika.

Hakuna aliyefikiri.

Nilimwambia maneno ambayo sitaandika hapa. Mlinzi akanitoa, kwa heshima, nadhani naye alikuwa shabiki.

Ijumaa, 16 Juni

Grupe inagombana. Wengine wanasema tushukuru, picha iko safi. Mmoja anasema watoto wake watajifunza Kiswahili kizuri. Nikamjibu vibaya. Akatoka. Atoke.

Mume wangu anasema ni vichekesho tu, hakuna aliyekufa. Byaombe amekufa. Alikufa, na kilichobaki kwake kilikuwa ile sauti ya kukwaruza, na sasa iko kwenye takataka. Nilimpa chakula, nikaenda kukaa nje.

Mbaya zaidi ni Jumapili, siku ya kwenda Makobola. Nitamwambia nini yule mama? Nifikirie uongo. Haijatoka. Wameahirisha.

Jumapili, 18 Juni

Nilikuwa na uongo wangu tayari. Mama Nabindu akaushika mkono wangu mlangoni, akasema, "Iko mu mufuko, sivyo?" Nikashindwa. Nikamwambia yote, haraka, kama ninayetapika.

Kisha akamwambia Riziki afungue kompyuta ndogo ya kanisa aliyoazima kwa ajili ya siku hii. Tukaweka ile ya kuku. Alisikiliza yule msichana mpaka mwisho wa maneno yake.

"Huyu mwanamuke hajawahi kuwa na njaa," akasema. "Riziki, zima sauti."

Akaniambia nimweleze ninachoona. Nikamweleza. Byaombe ameingia chini ya blanketi, Mama. Sasa umeshika kisu. Sasa majirani wako mlangoni.

Akaanza kusema.

Haikuwa ile ya zamani. Sauti imepungua, mengine ameyasahau, mengine aliyabuni hapo hapo, na midomo ya kwenye picha ilikuwa imekwisha kufungwa wakati yeye bado anatukana. Riziki alicheka mpaka akakaa chini. Nikacheka minye pia, na hasira yangu yote bado iko ndani, haijaondoka hata kidogo.

Nilitaka kumsaidia na maneno ya Baba Homa. Ninayajua yote. Akanigusa goti ninyamaze.

Kila ilipofika zamu ya Byaombe, Mama alinyamaza. Akainamisha kichwa, akangoja kadiri mtu anavyongoja mwenzake amalize. Kisha akamjibu.