Kicheko Alichokisikia Cucu

S.L.P. 41,
Endarasha, Nyeri.
12 Juni 2024

Mpendwa Baba Mdogo Mathenge,

Kicheko kile hakijanitoka masikioni. Nitakifikia. Kwanza nikujulie hali, maana sikulelewa kuanza maneno kabla ya salamu. U mzima huko Ujerumani? Mgongo wako umepata nafuu? Sisi hatujambo. Ukungu haujaondoka wiki nzima na viazi vya shamba la chini vimeharibiwa na baridi. Cucu wangu, mama yako, anakohoa kidogo asubuhi, lakini bado anakamua ng'ombe mwenyewe na hataki kusaidiwa.

Hotuba yako uliyotutumia tuliitazama jikoni, mimi na Cucu, simu tumeiegemeza kwenye chupa ya chai. Ulisema jamii inayouliza bei ya roketi kabla ya kuuliza huko juu kuna nini imekwisha kata tamaa. Niliyaandika maneno hayo daftarini niwasomee wanafunzi wangu wa fizikia. Ulisema pia kwamba mwanasayansi ni mtu anayethubutu kujikagua. Nikaliandika na hilo.

Kisha ukamtaja Kagure. Cucu hajui Kiingereza, lakini jina lake analijua. Akakaa wima, akafuta mikono kwenye leso. Ukawaambia wasikilizaji wako kwamba mama yako, mkulima asiyejua kusoma, alikufundisha kuwa nyota ni matundu ya gunia ambalo Mungu hubebea mvua, na kwamba huko ndiko ulikotoka. Ukumbi mzima ukacheka.

"Wanacheka nini?" Cucu akaniuliza.

"Wamefurahi, Cucu."

"Kumbe wananijua," akasema, akaniongezea chai.

Baba Mdogo, mimi sipingi roketi. Watu na waende Mirihi, na wanafunzi wangu wawe miongoni mwao. Ninachokichukia ni kwamba ulimkanyaga mama yako ili uonekane mrefu. Mwanamke huyo alipanda kwa kutazama Kilimia, kile kikundi cha nyota, kikipotea na kurudi, na mwaka ulipomdanganya alisahihisha hesabu yake. Wewe hesabu yako uliisahihisha lini? Hujampigia simu tangu Krismasi.

Halafu ukatuma ujumbe wiki jana. Wapiga picha wanakuja kutengeneza filamu ya maisha yako. Ati tushushe sola kutoka paani, Cucu avae shuka kuukuu, akae karibu na mafiga, ayaseme yale maneno ya gunia. Ukamalizia kwamba picha zikitoka vizuri utaniandikia barua ya kunipendekeza chuoni kwako, nilikoomba nafasi ya kusoma. Nilisoma mara tatu. Wewe ndiye uliyejisifu hadharani kwamba uliwahi kumfukuza mwanafunzi kwa kupika matokeo.

Tangu nizaliwe unaniita mama, kwa sababu nimepewa jina la mama yako, kama desturi yetu ilivyo. Basi walipomcheka Kagure walinicheka na mimi. Na kwa jina hilohilo nakukemea leo, kwa kuwa yeye hatakukemea.

Jumapili tulipotoka kanisani nilimtafsiria hotuba yote, sentensi baada ya sentensi. Tulipofika kwenye kicheko nilimwambia kweli walikuwa wakicheka nini, nikamwomba radhi kwa uongo wangu. Akaweka kikombe chini.

"Ya gunia aliyasema Mathenge mwenyewe," akaniambia. "Alikuwa na miaka sita. Gunia la mbegu lilikuwa limetobolewa na panya, akajifunika nalo juani, akaona vile vitundu vinang'aa. Akaniita, ati mama, nyota ziko hivi. Sikumcheka. Nilimwambia aendelee kutazama."

Alikwenda kukamua.

Msalimie Mama Mdogo Sophie. Mwambie mwanao Mburu kwamba sweta yake imebaki mkono mmoja tu, Cucu anaifuma jioni. Baba anakusalimu, ingawa hajui nakuandikia nini. Mungu akulinde huko ugenini, na siku atakayokurudisha nyumbani akupe neno la kumwambia mama yako.

Sola iko paani palepale. Jumatatu asubuhi niliwaandikia wapiga picha wasije, na alasiri nikakiandikia chuo chako kwamba nimeondoa ombi langu. Pande zote mbili zimekwisha jibu kwamba zimekubali.

Mwanao unayemwita mama, na anayekupenda hata leo,
Kagure