Bado Zinanyonya

Sokoni Salama, Jumanne, Machi 1987

Leo ningefunga mdomo tu.

Nilikuwa nauza kaseti kwa kibanda, nikichekesha watu. Mtu akitaja mwimbaji anayempenda, mimi namwambia tabia yake. "Wewe wa rumba, viatu vinang'aa na nyumbani hakuna unga." "Wewe wa kwaya, matangani unakula kushinda wenye msiba." Wanacheka mpaka wananunua.

Mutiso akatokea, kaka yake Ndunge, ametoka kwao Tawa. Tangu Ndunge anitoroke arudi kwa baba yake, sijaona mtu wao.

"Na wewe shemeji, unapenda nani?"

Nikamwonyesha yule wetu wa gita, anayeimbia kila msichana kwamba atamuoa.

"Basi wewe nakujua. Yeye anaahidi na wimbo, wewe unaahidi na mzaha. Kwenu wawili hakuna anayeleta mbuzi."

Watu walicheka, wacha. Ni kweli. Kila baba yao akiniuliza mbuzi za ntheo, zile za kuonyesha msichana ni wako, nilikuwa namjibu bado zinanyonya.

Nikasema, "Mwambie mzee zimeacha kunyonya. Nazileta Jumamosi."

Mutiso hakucheka. "Kuna mtu ameleta zake Jumapili. Baba amepokea."

Wateja wakacheka tena, wakidhani mchezo unaendelea. Na mimi nikacheka nao, ningefanya nini?

Akienda nikamfuata mpaka barabarani, nikamuuliza kama Ndunge mwenyewe alikubali.

"Alikungoja mpaka tukamaliza kuvuna, shemeji."

Nikarudi kibandani, nikauza kaseti bila mzaha hata mmoja. Mimi.