Alama Kwenye Jina la Saba

Mama Nekesa, mke wangu,

Pokea salamu kutoka Al-Nuzha, Jeddah. Goti lako linaendeleaje? Na mama bado anaikataa ile fimbo? Mimi ni mzima, ila nimechoka. Tulihama Riyadh mwezi uliopita kwa kuwa bosi, yule daktari Mmarekani, amehamishiwa hospitali ya huku. Mizigo niliipakia mwenyewe. Ikama yangu, kibali cha kuishi huku, bado iko kwa kampuni, na kila nikiiulizia naambiwa bukra, kesho, na kesho yenyewe haifiki.

Uliniuliza kwenye simu kwa nini sauti yangu ilikuwa nzito. Ni mambo ya Mzee, babake bosi. Alikuwa mwandishi wa michezo magazetini maisha yake yote, sasa macho yameingia giza. Mimi humpeleka kliniki na kumsomea.

Ngoja nikueleze, na usicheke kwamba nimeanza kipindi kama darasani. Kwao kuna jumba la heshima la besiboli, ule mchezo wa kupiga mpira kwa gongo na kukimbia. Wachezaji wengi wa jumba hilo walichaguliwa na waandishi waliokaa kazini miaka kumi au zaidi. Mchezaji husubiri miaka mitano baada ya kustaafu, ndipo jina lake liingie kwenye karatasi ya kura. Mwandishi huchagua majina yasiyozidi kumi. Anayepata robo tatu ya kura ameingia. Aliyekosa anaweza kurudi mwaka unaofuata, mwisho mara kumi, na kura za mwaka jana hazimfai kitu: anaanza upya. Wastaafu kama Mzee huachiwa kura yao kwa muda.

Basi tukiwa bado Riyadh karatasi ikaja. Nilikuwa nasoma majina, yeye anasema ndiyo au hapana, nami natia alama. Jina la saba lilikuwa la mrushaji mmoja, yaani yule anayemtupia mpigaji mpira, aliyebakiwa na mwaka huo tu.

“Huyo mruke,” akasema.

Nikauliza amekosa nini. Akanieleza kwamba zamani mtu huyo alimwita mwongo mbele ya timu nzima, akalimwagia maji daftari lake. Kwa ajili hiyo alikuwa amemruka mara tisa. Nikauliza tena kama alikuwa mchezaji mbaya.

“Hapana. Sijaona mrushaji bora kuliko yeye.”

Nikamwambia kwamba nilipokuwa nasahihisha mitihani, karatasi ya mwanafunzi aliyenitukana niliisahihisha mwisho, hasira ipoe kwanza. Lakini alama zake nilimpa. Mzee akasukuma kikombe kando. Chai yake ikapoa, mimi nimeshika kalamu, mgongo unaniuma.

“Tia alama, Mwalimu,” akasema hatimaye. “Haraka, kabla sijabadili nia.”

Nikatia. Nikamshika kidole nikamwonyesha pa kusaini, kisha nikaipeleka mtaa wa Batha kwa watu wa vifurushi, nikasimama kwenye foleni hadi miguu ikavimba.

Matokeo tumeyapata tukiwa huku Jeddah. Bosi aliyasoma asubuhi tukila: yule mrushaji amekosa kwa kura chache sana. Iko kamati ndogo inayoweza kumfikiria baadaye, lakini Mzee anasema hiyo ni miaka ambayo yeye hana.

Tulipokuwa garini akaniuliza kama nina hakika niliitia ile alama. Nikasema ninayo. Akauliza kama ni kwenye jina la saba, si la sita wala la nane. Nikasema la saba. Akaniomba niape, nami nikaapa. Kesho yake akauliza tena. Haoni, Mama Nekesa, na hana wa kumthibitishia ila mimi. Namjibu kila siku kama ndiyo mara ya kwanza.

Nisalimie mama, shemeji fundi cherehani, na mchungaji wetu. Mwambie Nekesa asome bila kukesha.

Naishia hapa. Mzee ananiita, na najua anachotaka kuuliza.

Wako mumeo,
Baba Nekesa