Mama, Mstari Ulipita Katikati ya Mtaa Wetu

Mama yangu, shikamoo.

Najua hutaitikia, lakini sijawahi kuanza kuongea na wewe bila shikamoo, na sitaanza utovu wa adabu leo kwa sababu tu wewe umelala Korogwe na mimi niko huku Gaithersburg, Marekani, nafagia majani yaliyoanguka mlangoni. Barua hii naiandika wazi, asome anayetaka. Habari yenyewe si yangu peke yangu, ni ya mtaa mzima, na wewe ndiye uliyeianzisha kisha ukaondoka ukatuachia.

Unakumbuka asubuhi ile ya kwanza ulipompeleka Salma shule? Nilikuwa nakimbilia kazini, kule ninakohudumia wazee, na mkweo alikuwa bado yuko njiani anarudi kutoka zamu ya usiku uwanja wa ndege. Ukaniambia, "We nenda. Si shule ni ile pale?" Ukajifunga kanga juu ya koti langu, ukachukua kofia ya sufu ya mkweo, ukatoka. Kiingereza chako chote kilikuwa thenkyu. Ulipofika mlango wa jirani ukasimama ukapiga hodi. Huku watu hawapigiani hodi, mama. Wanatumiana ujumbe hata wakiwa wamesimama nje ya mlango. Wewe ukapiga hodi kwa sauti yako ile ya sokoni mpaka yule mama wa El Salvador akafungua na mswaki mdomoni, na watoto wake wawili wakatoka na mabegi wakidhani ni utaratibu mpya wa shule.

Ikawa ndiyo utaratibu. Kesho yake ukapiga hodi tena, na mlango wa pili, na wa tatu. Ulikuwa unawapanga njiani, wakubwa upande wa magari, wadogo upande wa nyasi, na aliyetoka bila kunywa chai ulimtolea kipande cha chapati mfukoni. Mfukoni mwa koti langu, mama. Mpaka leo nikiingiza mkono najisikia nimeshika mafuta. Wazazi waliokuwa wanatoka alfajiri kwenda kwenye kazi zao za usafi na hospitali wakaanza kuondoka bila wasiwasi, kwa sababu Bibi yupo. Hakuna aliyekuuliza jina lako. Ulikuwa Bibi tu, mpaka kwa yule mzee wa Kimarekani aliyekuwa anawasimamisha madereva watoto wavuke.

Ulipougua ukataka kurudi nyumbani, na baadaye tulipokuja kukuzika, nilidhani na jambo hilo limekwisha. Haikuwa hivyo. Niliporudi kutoka msibani nilimkuta Mama Mwende amesimama barabarani asubuhi na sare zake za unesi, macho mekundu ya usingizi, anapiga hodi. Namsema yule jirani wa ng'ambo ya barabara, Mkamba wa Machakos, mliyekuwa mkibishana kila Jumamosi kama muthokoi wake, yale mahindi ya kukoboa na maharage, ni makande yetu au ni kitu kingine. Tukaanza kupokezana. Anayetoka zamu ya usiku anawapeleka, anayetoka zamu ya mchana anawarudisha. Tukaita zamu ya Bibi. Kwa njia hiyo mimi nikabaki na kazi yangu ya asubuhi na yeye akabaki na yake ya usiku, na watoto hawakukaa peke yao hata mara moja.

Sasa sikiliza. Huku shule ya serikali inamchukua mtoto kwa mahali anapolala. Kaunti ina ramani, na ukilala ndani ya mstari fulani, basi shule yako ni ile, hata kama nyingine iko karibu zaidi. Shule yetu ilikuwa imefurika mpaka watoto wanasomea kwenye vijumba vya muda nyuma ya uwanja. Wakajenga shule mpya ng'ambo ya ile barabara kuu ya magari mengi, wakaleta ramani mpya. Mstari wakaupitisha katikati ya mtaa wetu. Upande wetu tuhamie shule mpya, tupande basi. Upande wa Mama Mwende wabaki. Na shule hizo mbili haziingii wakati mmoja, wala hazitoki wakati mmoja. Maana yake zamu ya Bibi ndiyo basi tena.

Mtaa ulichafuka, mama. Kwenye kundi letu la simu, mahali tulipokuwa tunaulizana nani ana koleo la theluji, watu wakaanza kutupiana maneno. Mwenye nyumba anasema thamani ya nyumba yake itashuka, mpangaji anasema kwani watoto wa wapangaji wana nini. Baba wa nyumba ya kona akachomeka bango la kukataa kuhamishwa kwenye bustani yake. Hayo yote niliyavumilia. Lisilovumilika lilitoka kwa Mama Mwende. Aliandika, "Wacha niseme ukweli, shule imejaa. Kama ule upande mwingine utaenda, hawa wetu watapumua kidogo."

Ule upande mwingine. Mimi! Niliyemlea mwanawe wakati yeye yuko wodini. Niliandika jibu refu, nikalifuta, nikaandika fupi ambalo lilikuwa baya zaidi: "Sawa jirani. Pumueni."

Nilijua kwa nini anataka kubaki, ndiyo maana iliniuma. Mwende wake alikuwa hasomi. Mtoto mwenye akili zake, anakueleza habari za nyota na dinosari hadi unachoka, lakini ukimwekea kitabu anatokwa jasho. Shuleni alikuwa amepata mwalimu mmoja mvumilivu aliyekuwa anakaa naye peke yake, na mwaka huo maneno yakawa yameanza kumfunukia. Mama gani atakubali kumng'oa mtoto hapo? Hata mimi nisingekubali. Lakini hasira hazisikilizi hayo, na mimi nilikuwa nazo za kutosha.

Kwa hiyo tukanuniana. Nikawa nawapeleka wa upande wangu, na wao wakapanga wao kwa wao. Ungeona aibu hiyo, mama. Watoto walewale, wanaokwenda shule ileile, msafara mmoja njia ya kushoto na msafara mwingine njia ya kulia, wanapungiana mikono katikati ya magari. Kaunti ilikuwa haijapitisha kitu, sisi tulishaupitisha mstari wenyewe. Salma akaniuliza kwa Kiingereza, kama kawaida yao, Mwende amekosa nini. Nikamwambia avae kofia vizuri.

Nikachelewa kazini mara kadhaa, msimamizi akaniita akasema kwa upole mambo yasiyo ya upole. Mama Mwende naye nikamwona asubuhi moja amelala usukani mbele ya nyumba yake, injini inawaka, watoto wanamgongea kioo. Nilitaka kutoka nimwambie alale, nitawapeleka mimi. Sikutoka. Siku zile za kutosemeshana ndizo nilizokukosa kuliko hata siku tuliyokuzika, na nasema hivyo nikijua uzito wake.

Ikatangazwa mkutano wa hadhara wa bodi ya elimu ya kaunti, kila mwananchi anayetaka kusema apewe dakika mbili. Upande wetu tukamchagua mkweo. Si unamjua? Hakuna harusi ya Mtanzania kutoka hapa mpaka Sterling ambayo hajawa mshereheshaji. Akavaa suti yake ya kijivu, akajipulizia manukato, akasema, "Leo watanielewa."

Mama, alisimama akaanza. Akamsalimu mwenyekiti. Akawasalimu wajumbe kwa kuwageukia mmoja mmoja. Akawasalimu wazazi, walimu, viongozi wa dini kama wapo. Akamshukuru Mungu kwa kutukutanisha tukiwa na afya. Akampa pole mjumbe mmoja aliyekuwa na bandeji mkononi, akamuuliza na anaendeleaje. Kuna kitaa cha kuhesabu muda pale mezani, cha kijani, kikageuka njano. Yeye akadhani wanamtia moyo. Akamshukuru mlinzi wa mlangoni kwa kutuonyesha pa kuegesha magari. Kisha akashusha pumzi, akarekebisha tai, akasema, "Baada ya utangulizi huo mfupi," na taa ikawa nyekundu, kipaza sauti kikazimwa.

Ukumbi ukacheka, si kwa ubaya, lakini nilitamani ardhi inimeze na kiti changu. Mkweo akabaki amesimama anaangalia kipaza sauti kama mtu aliyekatiwa umeme wakati wali uko jikoni. Watu wazima wote tuliomtuma, na hakuna hata mmoja aliyewaza kumwambia kwamba huku salamu haziwi nje ya muda. Nani angewaza? Kwetu ungeanzaje kuomba kitu kabla hujamjulia mtu hali?

Aliyefuata kuitwa alikuwa Mama Mwende. Nilijua amekuja kusema wabaki. Alikuwa na karatasi yake, na sare za kazi chini ya koti. Akaitazama karatasi, akaikunja, akaitia mfukoni. Akasema kwa Kiingereza chake kile kilichonyooka, "Huyo mzee mliyemzimia ni jirani yangu. Alikuwa hajafika kwenye maneno. Wacha nimmalizie."

Akakusema wewe, mama. Mbele ya wajumbe, kamera na baba wa kona aliyekuja na bango lake. Akasema kulikuwa na bibi kwenye mtaa wetu ambaye hakujua lugha ya mtu yeyote na aliwapeleka watoto wa watu wote. Akasema tangu ulipofariki sisi tunafanya kazi zetu, yeye anatibu wagonjwa na mimi nawaogesha wazee wa watu humu humu kaunti, kwa sababu tunapokezana watoto. "Kama mnatuacha, mtuache wote," akasema. "Kama mnatuhamisha, mtuhamishe wote. Huo mstari wenu upitisheni nyuma ya nyumba kwenye kijito, hapo hapapiti mtoto."

Mjumbe mwenye bandeji akamuuliza kama anaelewa kwamba upande wake ulikuwa umeshapona, na kwamba anaomba mtoto wake mwenyewe ahamishwe. Mama Mwende akaigusa ile karatasi mfukoni. Nikaona anamwaza yule mwalimu. Mimi nilikuwa nimeshika kiti cha mbele yangu kwa mikono miwili.

"Ahame," akasema. "Mwalimu mwingine tutatafuta. Jirani nitampatia wapi?"

Tulikutana nje kwenye magari. Mkweo alikuwa pembeni anawaeleza watu alichokuwa anataka kusema, na bado alikuwa hajafika katikati. Mama Mwende akanijia akasimama.

"Mama Salma," akasema, "hasira zimeisha ama tuendelee?"

"Zimeisha," nikasema. "Njaa ndiyo haijaisha."

"Basi twende. Kuna muthokoi kwangu."

"Makande."

"Aki wewe," akasema, akanikumbatia, na nililia kwenye koti lake mpaka likalowa.

Mwishowe mstari ulihamishwa kweli, ukapita kwenye kijito. Tukahamishwa wote, mtaa mzima. Usidhani kila mtu alifurahi. Baba wa nyumba ya kona hatusalimii mpaka leo, na mama wa El Salvador alisikitika kwa sababu mwanawe mkubwa alikuwa kwenye bendi ya shule ya zamani. Mimi mwenyewe, wiki waliyoanza shule mpya, nilipata siku ya mapumziko nikaenda peke yangu kuipita njia yako ya shule ya zamani, ya kwenye kibustani hadi pale pa kuvukia. Nilikuwa nimejiambia siku zote kwamba napigania kazi yangu na urafiki wa watoto. Ni kweli nilikuwa nayapigania hayo. Lakini nilikuwa napigania na ile njia, mama, kwa sababu ndipo mahali pa mwisho nilipokuona ukitembea ukiwa mzima. Nikaipita mpaka mwisho, hukuwepo, nikarudi nyumbani nikaweka maharage jikoni. Sikuumia kama nilivyoogopa.

Tunaendelea vizuri sasa. Zamu ni fupi, ni mpaka kituo cha basi tu. Jioni watoto wa Mama Mwende wanashukia kwangu mpaka atakapoamka.

Lakini kilichonifanya nishike kalamu ni cha Alhamisi iliyopita. Shule mpya ilichukua muda mrefu kumpatia Mwende mtu wa kukaa naye, na miezi ile Mama Mwende hakuwahi kunilaumu, ila nilikuwa naona anavyomtazama mtoto akifungua begi. Mimi nilikuwa silali vizuri kwa ajili hiyo. Hatimaye akapatikana mwalimu, kijana mmoja mrefu, mpole. Basi Alhamisi Mwende akakaa mezani kwangu, akafungua kitabu cha sayari, akaanza kusoma kwa sauti, bila kuombwa na mtu. Alisoma polepole, kidole chini ya neno. Salma akataka kumsaidia, nikamkata jicho. Akasoma ukurasa wote. Akafunua wa pili.

Nikachukua simu nikupigie. Nimeshaishika kabisa, nimeshatafuta namba yako, ndipo nikakumbuka.

Nikavaa ndala nikavuka barabara. Unajua kumwamsha nesi aliyetoka zamu ya usiku ni kutafuta ugomvi wa makusudi. Nilipiga hodi kwa nguvu. Mama Mwende akafungua na soksi moja mguuni, akauliza nani amekufa. Nikamwambia hakuna aliyekufa, avuke tu. Akavuka, akasimama mlangoni kwangu, na mtoto hakumwona, akaendelea kusoma. Tulisimama hapo tumeshikana mikono mpaka ukurasa ukaisha.

Haya mama, endelea kupumzika. Basi linakaribia, na leo wa kuwapokea ni mimi.

Mwanao wa mwisho,
Mama Salma